Usiku Tuliokunywa Kahawa Juu ya Reli

Saa sita kasorobo usiku tulikuwa watu arobaini na watatu kando ya reli, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Genge lilikuwa limeshashusha mataruma mapya na kuyapanga vizuri kama kuni za harusi. Kreni ilikuwa inanguruma, dereva wake kalala ndani, mguu mmoja nje ya dirisha. Kulikuwa na malori mawili ya kokoto, jenereta, na taa nne zilizovuta wadudu wa mji mzima. Swichi mpya, ile ya kugeuzia treni kutoka njia moja kwenda nyingine, ilikuwa pembeni imeshafungwa, ina alama za chaki nilizochora kwa mkono wangu mchana wake. Treni ya mwisho ilikuwa imepita. Ya kwanza ingepita saa kumi na moja na robo alfajiri, na kabla ya hapo njia ilitakiwa irudi ikiwa nzima.

Kilichokosekana ni karatasi moja.

Kwa asiyejua mambo ya reli: kwenye njia inayotumika, mkandarasi hagusi hata boliti mpaka mwenye reli amkabidhi. Anakuja mtu wa shirika, anahakikisha hakuna treni inayokuja, anaweka vizuizi pande zote mbili, anasaini fomu, na wewe unasaini chini yake. Hapo njia inakuwa yako mpaka saa iliyoandikwa, na ukichelewesha dakika kumi utajieleza kwa watu usiowajua. Mzee wa kutukabidhi alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, bendera nyekundu kaikunja kwapani.

"Shikamoo mzee. Tuanze?"

"Marahaba. Mhandisi, hiyo njia bado si yenu."

Dokezo la kufunga njia, pamoja na posho yake ya usiku, lilikuwa mezani kwa bosi wake. Bosi alikuwa msibani Moshi tangu Alhamisi, na hakuna aliyekaimishwa. Nilipiga simu mpaka chaji ikaisha. Watu wawili waliniambia faili liko masjala, wa tatu akaniambia masjala hufunguliwa Jumatatu.

Basi tukanywa kahawa. Muuzaji aliyekuwa anapita barabarani akigonga vikombe vyake alisikia sauti, akapenya uzio, akakuta soko la watu arobaini na watatu lililoletwa na Mungu. Kashata ziliisha kabla ya saa nane. Saa tisa nyapara alikuja, akanitazama tu, nikamwambia haya, wapange watu. Kreni tuliyoikodi kwa usiku mmoja ikarudi ilikotoka bila kuinua kitu. Nafasi nyingine ya kufunga njia ilikuwa baada ya wiki tatu.

Mradi wenyewe sitautaja, wala shirika. Ulikuwa mdogo: kurefusha njia ya treni ya mjini, kuongeza vituo na kuunganisha na reli kuukuu. Mimi nilikuwa msaidizi wa meneja, kazi yangu ratiba. Ratiba ile ilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya kontena, mita mbili za karatasi, mistari ya rangi. Ilikuwa na mstari wa kumwaga zege, wa kutandika kokoto, wa kufunga nyaya. Haikuwa na mstari unaosema "bosi wa mwenye reli yuko mjini".

Kwa miaka kadhaa niliusimulia usiku ule kama kichekesho cha kwetu. Unajua zile hadithi tunazopenda, za "wenzetu walioendelea" na sisi. Kisha mdogo wangu wa kike akahamia Queens, New York, nami nilipokwenda kumtembelea nikataka kuona mradi mmoja tu. Sanamu ya Uhuru niliiona kwa mbali, ikatosha.

Mradi huo kwa jina la ujenzi uliitwa East Side Access. Wazo lake unaweza kumweleza mtoto. Reli ya Long Island huleta wafanyakazi Manhattan kila asubuhi kutoka vitongoji vya mashariki, lakini kwa zaidi ya karne moja iliwashusha Penn Station, upande wa magharibi wa kisiwa. Wengi wao ofisi zao ziko mashariki. Kwa hiyo mtu anapita chini ya ofisi yake, anashuka mbele, halafu anapanda usafiri mwingine kurudi alikotoka. Dawa ni kuchepusha baadhi ya treni ziingie Grand Central, kituo kikuu cha upande wa mashariki. Sehemu ya handaki ilikuwepo tayari: chini ya East River, mtaa wa 63, lilianza kujengwa mwaka 1969 likiwa la ghorofa mbili. Mji ukaishiwa fedha miaka ya 1970, ghorofa ya juu ikaja kupata treni za mjini mwaka 1989, ya chini ikabaki giza tupu ikisubiri.

Zilibaki kama kilomita tano na nusu za kuunganisha. Makadirio ya awali yalikuwa chini ya dola bilioni 5, na tarehe iliyotajwa ilikuwa 2009. Kituo kilifunguliwa tarehe 25 Januari 2023, na gharama zikafika kwenye dola bilioni 11.1. Sisi tuliosubiri SGR ya Dar hadi Morogoro tangu jiwe la msingi la Aprili 2017 mpaka abiria wa kwanza Juni 2024 hatuna ubavu wa kumcheka mtu, lakini bilioni 11 ni bilioni 11.

Ukimuuliza mtu kwa nini, atakujibu: mwamba. Na kweli mwamba wa Manhattan ni mgumu. Walishusha mashine za kuchimba, wakachimba na kulipua mapango mawili makubwa zaidi ya mita 40 chini ya Park Avenue, huku juu yao treni nyingine zikiingia na kutoka Grand Central na watu wakila chakula cha mchana. Kifusi hakikuweza kutolewa hapo mtaani. Kilirudishwa kwa njia ya handaki mpaka Queens. Mashine moja ilipomaliza kazi, kuifungua na kuitoa kulionekana ghali kuliko yenyewe, wakaizika kwa zege palepale, karibu na mtaa wa 38. Bado ipo. Kuna siku mtaalamu wa mambo ya kale ataifukua na kuandika kwamba watu hawa walikuwa wanaabudu msumeno.

Kuna kipande kimoja upande wa Queens ninachokipenda zaidi ya mapango yote. Chini ya barabara ya Northern Boulevard walihitaji kupitisha handaki fupi, kama mita 36 tu. Lakini juu ya kipande hicho kuna treni ya chini ya ardhi, juu yake barabara, na juu ya barabara treni nyingine inayopita kwenye nguzo. Udongo ni laini na umejaa maji. Wakaugandisha. Walichomeka mabomba, wakazungusha maji ya chumvi yaliyopoozwa mpaka ardhi ikawa kama samaki wa kwenye friza, ndipo wakachimba. Na kwa kuwa maji yakiganda huvimba, ilibidi wapime muda wote kama reli zilizo juu hazinyanyuki. Mita 36!

Sasa, haya yote ni magumu, lakini ni ugumu wa fundi. Fundi ukimpa mwamba, fedha na muda atakuambia siku ya kumaliza, na hatakosea sana. Mimi nilikwenda kuangalia kitu kingine, kinachoitwa Harold.

Harold ni makutano ya reli Queens, kando ya yadi ya Sunnyside. Kabla ya korona zilipita hapo treni zaidi ya 750 kwa siku: za Long Island, za shirika la taifa, Amtrak, ziendazo mikoani, na tupu za New Jersey zinazokwenda kuegeshwa. Inasemekana hakuna makutano ya treni za abiria yenye msongamano zaidi Marekani yote. Njia mpya ilitakiwa ichomoke katikati ya hapo. Yaani uweke swichi, nguzo, nyaya, mfumo wa ishara na midomo ya mahandaki mapya, katikati ya reli ambayo haipumziki. Ni sawa na kuezua nyumba wakati wa masika huku wenye nyumba wamelala ndani, na wapangaji ni watatu.

Yadi sasa ni ya Amtrak, lakini ilifunguliwa na kampuni nyingine ya zamani mwaka 1910, na tangu hapo imekuwa ikizikiwa nyaya na mabomba ya kila kizazi. Mjenzi ni MTA, mamlaka ya usafiri ya jimbo, ambayo Reli ya Long Island ni yake. Ili mkandarasi wa MTA aguse kitu karibu na nyaya za Amtrak, lazima wafanyakazi wa Amtrak wenyewe wawepo: wa kuzima umeme, wa kusimama na kulinda watu, wa kuunganisha mfumo wa ishara. Wasipokuja, kazi haipo.

Na kwa nini waje? Kituo kipya hakiiongezei Amtrak abiria hata mmoja. Ina reli zake zinazooza. Mwaka 2017 treni ziliacha njia Penn Station zaidi ya mara moja, kiangazi chake ikabidi Amtrak ipeleke nguvu huko. Kwa miaka MTA ikawa inalalamika kwamba hailetewi watu wa kutosha, wikiendi za kufunga njia zinapotea, na ikipotea moja huipati nyingine mpaka ratiba za treni zipangwe upya.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikiona kile kiti cha ndoo.

Kuna habari ya New York Times ya mwaka 2017 inayozunguka sana kuhusu mradi huu: mhasibu mmoja alikagua orodha ya mapangoni mwaka 2010, akakuta watu 900 wanalipwa kwa kazi zinazohitaji kama 700, na hao 200 wa ziada kila mmoja anagharimu kama dola 1,000 kwa siku. Watu huipenda kwa sababu ina mwizi, au inaelekea kuwa naye. Sikatai ni aibu. Ila ukizidisha mwenyewe utaona haifikii hata robo ya pengo. Kinachokula fedha kwenye reli ni siku ambazo kila mtu yuko kazini kihalali, kasaini daftari, na hawezi kufanya lolote.

Niwaeleze jinsi usiku wa kazi unavyoyeyuka hata mambo yakienda sawa. Unapewa saa nne na nusu. Dakika arobaini za mwanzo ni za kukabidhiana, kuzima umeme na kupima kama kweli umezimwa. Saa nzima ya mwisho ni ya kushindilia kokoto, kupima upana wa reli, kujaribu swichi iende na irudi, kuhesabu vifaa visibaki njiani, kisha kurudisha njia. Katikati inabaki saa mbili na ushee, na hapo hujamhesabu yule aliyesahau funguo za kontena la boliti. Kwa hiyo ukipoteza usiku mmoja umepoteza saa mbili za kazi na wiki tatu za kalenda. Mkurugenzi anaona saa mbili. Mkopeshaji anaona wiki tatu.

Jambo la pili ambalo New York walilifanya, na sisi tukalifanya kwa kiwango cha dagaa, ni kukata kazi vipande. Mwaka 2012 zabuni ya kumalizia mapango ilirudi ikiwa juu mno ya bajeti, wakaifuta, wakaigawa kuwa mikataba midogo. Kwenye karatasi inapendeza: wakandarasi wengi wanaweza kushindana, bei inashuka. Lakini kila unapokata umetengeneza mpaka, na mpakani hakuna anayelima.

Sisi tulikuwa na mkandarasi wa zege na mkandarasi wa ishara. Jukwaa la kituo kimoja lilimwagwa zege safi, laini, nililipiga picha nikamtumia mama. Wiki mbili baadaye watu wa ishara wakaja na nyaya zao, wakauliza bomba la kupitishia liko wapi. Tukafungua michoro. Mchoro wa zege ulionyesha bomba kwa mstari wa nukta, pembeni pameandikwa "kazi ya wengine". Mchoro wa ishara ulionyesha bomba lilelile kwa nukta, pembeni pameandikwa "kazi ya wengine". Wengine hao sijawahi kukutana nao mpaka leo. Tulilivunja jukwaa kwa drili siku mbili, na kiraka chake kinaonekana, rangi imekataa kufanana.

Baada ya pale nilianza kushika daftari la mipaka. Daftari la shule, kurasa 96, la mistari. Kila mahali kazi ya mtu mmoja inapogusa ya mwingine niliandika jina la mtu mmoja, namba ya simu, na siku. Sikuandika idara. Idara huenda msibani. Meneja wangu alilicheka wiki ya kwanza, wiki ya nne akaliazima, na sikulipata tena mpaka mradi ulipoisha. Programu ya ratiba tuliyonunua kwa fedha nyingi iliendelea kuchora mistari yake ya rangi ukutani.

Kuna anayesema basi Wamarekani hawawezi tena kujenga. Si kweli, na ushahidi uko kwenye reli hiyohiyo ya Long Island. Kati ya Floral Park na Hicksville waliongeza njia ya tatu, karibu kilomita 16, katikati ya nyumba za watu na treni zikipita, wakaondoa vivuko vinane ambapo magari yalikuwa yanakatisha reli. Walianza 2018, wakamaliza Oktoba 2022, kwa wakati, kwa kama dola bilioni 2.5, na chenji ikabaki. Bila shaka hakukuwa na mapango wala mto. Lakini angalia vitu viwili: kazi alipewa mmoja kwa utaratibu wa sanifu na jenga, kwa hiyo bomba la nukta lingekuwa lake mwenyewe, na mwenye reli ni Long Island peke yake. Mwenyeji mmoja, fomu moja.

Nyumbani tunao mpaka wa chuma kabisa. Treni ya mjini ya Dar, ile iliyobatizwa treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa wakati huo, ilianza Oktoba 2012 bila ujenzi mkubwa, ikatumia reli zilizokuwepo: upande mmoja reli ya kati ya TRL kutoka Ubungo Maziwa hadi Stesheni, upande wa pili TAZARA, ile reli ya kwenda Zambia. Mtu angeuliza kwa nini zisiunganishwe, abiria asishuke. Reli ya kati ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA, 1,067. Milimita 67 ni kama upana wa vidole vyangu vitatu na nusu, nimepima. Tukajenga SGR ya milimita 1,435, sasa Dar ina wapangaji watatu na kila mmoja na mlango wake.

Nilipanda treni Jamaica, Queens, na mdogo wangu na mwanawe wa miaka sita. Baada ya Woodside nilibandika uso dirishani kama mshamba, kuitafuta Harold. Inapita upesi: msitu wa nguzo, reli zinazopishana kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye hasira, mabehewa yaliyoegeshwa, kisha giza. Kutoka giza lile tukasimama kwenye jukwaa safi, baridi, la marumaru.

Ngazi za umeme za kule ni ndefu, mita 55. Nilihesabu: karibu dakika moja na nusu kusimama tu, unapanda. Mtoto alikaa chini kwenye ngazi, akachoka, akasimama tena, bado hatujafika. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, kweli umekuja kutoka Dar kuangalia ngazi?" Nikamwambia hata ngazi hizi zilisubiri. Kituo kilikuwa kimeahidiwa kufunguliwa kabla ya mwisho wa 2022. Mwamba ulishachimbwa, reli zilishatandikwa, matangazo yalishabandikwa. Desemba ikaonekana feni ya kutoa hewa haifikishi kiwango, wakasubiri hadi mwishoni mwa Januari.

Akacheka. Feni! Nikamwambia usicheke, mimi nilisubiri msiba.

Ile fomu ninayo mpaka leo, nakala ya pili, ya karatasi ya waridi. Ilifika saiti siku tatu baada ya usiku wa kahawa, imesainiwa kwa wino wa kijani, muhuri umepigwa vizuri, na tarehe iliyoandikwa ni ya Jumatano, siku moja kabla bosi hajapanda basi la Moshi. Kwa mujibu wa kumbukumbu za shirika, usiku ule njia tulikabidhiwa.